Baba Anangoja Majivu

Jumatano, 17 Aprili

Baba amefika Afula leo saa sita mchana, na sikumkumbatia. Miaka mitatu nimeiota siku hii. Nimeshuka ghorofa tatu mbiombio, mtoto mgongoni, viatu sijafunga, na mzee wa watu aliponiona akarudi nyuma, mikono juu.

"Usiniguse, Tiruwork! Simama hapo hapo!"

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe, mimi si kipofu. Nimemzika mama yako kwa mikono hii. Nina unajisi wa maiti. Simama nikutazame tu."

Basi tukatazamana. Dereva aliyemleta kutoka kituo cha wageni akadhani tuna ugomvi, akajifanya anakagua matairi. Tulilia, kila mmoja upande wake wa njia.

Mama alifia kambini Sudan mwezi wa kumi na mbili. Baba ni kuhani wa kwetu, sisi Wayahudi wa milima ya Kushi, na kuhani hagusi maiti. Kule milimani walizika wengine, nao wakakaa pembeni siku saba, wakanyunyiziwa maji yenye majivu ya mtamba mwekundu siku ya tatu na siku ya saba. Kambini hapakuwa na mto, hapakuwa na majivu, na hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kushika jembe isipokuwa yeye. Akamvisha Mama nguo nyeupe aliyoitunza kwa siku ya kusimama uani mwa Hekalu, akachimba, akamlaza.

"Ni siku chache tu, mwanangu," ameniambia. "Wiki hii utanipeleka Yerusalemu kwa makuhani wa Nyumba. Wao hawakosi majivu. Siku ya saba jioni namshika mjukuu wangu."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Mungu wangu. Ndiyo, Baba!

Alhamisi, 18 Aprili

Sina wa kumwambia, ndiyo maana naandika. Nyumba, Hekalu lenyewe, haipo. Vitabu vyetu vinasema Wababeli waliichoma, na waliorudi kutoka uhamishoni wakaijenga upya, na hapo ndipo vinapoishia. Warumi hawamo. Hakuna aliyepanda milima yetu kutuletea habari kwamba ilichomwa tena. Mimi niliambiwa na dereva wa basi, juma langu la kwanza nchi hii. Nilimwomba anishushe Hekaluni. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaona uso wangu, akakataa nauli yangu.

Kituoni alikuwa na wenzake waliokwisha kusikia. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila mmoja alisema, bintiye atamwambia.

Gebeyehu, mume wangu: "Mwambie leo."

"Mwambie wewe."

"Ni baba yako."

"Ni mkweo! Si ulitaka kuoa kwa kuhani?"

Akaenda kuoga.

Ijumaa, 19 Aprili

Baba amekataa kulala kwetu. Amechagua kibanda cha baiskeli nyuma ya jengo. Amekizungushia mawe pande zote ili watu wajue mpaka. Chakula naweka juu ya jiwe, narudi nyuma, ndipo anachukua.

Jumapili, 21 Aprili

Kauliza. Nimesema mabasi yamegoma.

Jumatano, 24 Aprili

Kauliza. Nimesema bado yamegoma. Basi likapita barabarani pale pale likipiga honi.

Jumatatu, 6 Mei

Kiwandani leo nimeshona mashati mia mbili na kumi. Mkono umevimba.

Alhamisi, 9 Mei

Jirani yangu Freha, mama wa Kimoroko mwenye sauti ya kuamsha mtaa, kamshukia Baba na bakuli la wali na maharage, akataka kumkabidhi mkononi. Baba karuka kama kakanyaga nyoka, akajigonga kichwa mlangoni. Freha kapanda kwangu anahema.

"Mama Oshrat, baba yako ananichukia?"

"Hakuchukii, jirani. Anakulinda."

"Ananilinda na nini?"

"Na yeye mwenyewe. Ana unajisi wa maiti."

"Hee! Mimi nimezika waume wawili, nimewafumba macho kwa vidole hivi hivi. Anilinde mimi? Nani atamlinda yeye?"

Nikacheka hadi mtoto akashtuka. Kisha nikaingia bafuni, nikafunga mlango. Kule milimani jirani zetu Wakristo walitupachika jina hilo, Usiniguse, kwa jinsi tulivyonawa baada ya kuwashika mkono. Nilidhani nimeliacha ng'ambo.

Jumanne, 14 Mei

Kauliza. Mtoto ana surua, nimesema. Hana surua. Nimemtemea mate kifuani mwanangu nisimletee balaa kwa mdomo wangu.

Jumatano, 15 Mei

Mtoto ana homa.

Ijumaa, 17 Mei

Ni jino. Limetoka moja. Baba aliliona kutoka ndani ya mawe yake nilipomfumbua mtoto mdomo. Alifurahi akapiga makofi.

Jumapili, 2 Juni

Upepo wa jangwani umevuma siku ya tatu. Mbingu ya njano, mchanga mpaka kwenye unga. Leo niliporudi kutoka kazini nikamkuta Baba ameanguka ndani ya duara lake, midomo imekauka, kibuyu kiko tupu.

Sikufikiri. Nikavuka mawe, nikamwinua kichwa, nikamnywesha, nikamlowesha kifua kwa kitambaa changu. Ni mwepesi! Nimeinua mafurushi ya mashati mazito kuliko baba yangu. Nilimpakata nikawa namwita, na kusema kweli kwa dakika mbili tatu nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimemshika.

Akafumbua macho, akaniona, akaanza kunisukuma kwa mikono isiyo na nguvu.

"Umefanya nini? Umefanya nini wewe mtoto? Una mtoto anayenyonya!"

"Baba ungekufa."

"Ningekufa ningekufa! Sasa na wewe una unajisi hadi jioni. Usiende kwake. Oga, fua hiyo nguo, ukae peke yako mpaka jua lizame. Niahidi."

Nikaahidi. Nikaoga, nikafua, nikakaa kwenye ngazi za chini, na ilikuwa saa tisa mchana. Juu ghorofani Oshrat alilia. Gebeyehu akachungulia. "Panda basi umnyonyeshe, unajua hakuna kitu." Ndiyo, najua. Katika mji huu kila mtu amewahi kugusa jeneza, na wote wanashika vitasa vile vile vya milango. Ninajua yote hayo, na bado nilikaa kwenye ngazi saa nne nzima, maziwa yakinichuruzika, nikingoja jua. Hakuna aliyenifunga kamba. Sijui kwa nini sikupanda.

Jua lilipozama Baba akaniita kutoka nyuma ya nyumba. "Sasa nenda. Nenda mbio!"

Jumatatu, 10 Juni

Hawezi kukaa hivi. Nimeapa nitamwambia Jumamosi.

Jumamosi, 15 Juni

Sikumwambia. Alinisimulia jinsi Mama, kila alipoukata mkate wa Sabato, alivyokuwa akigeukia kaskazini kwanza. Alikuwa akisema harufu inafika Hekaluni.

Alhamisi, 20 Juni

Leo nilichoka, nikamtungia uongo mkubwa. Nimemwambia makuhani wanahudumu kwa zamu, na zamu ya wageni kutoka Kushi haijafika.

Nilidhani atakasirika. Loo, mzee kasimama, macho yanang'aa.

"Kwa zamu! Kama ilivyoandikwa! Umesikia, Tiruwork? Bado wanafuata zamu!" Akaanza kunitetea mbele yangu mwenyewe. "Usijilaumu, mwanangu. Watu ni wengi, wametoka nchi zote. Makuhani nao ni binadamu, wana miguu, wanachoka. Sasa hivi ni zamu ya ukoo gani?"

"Nitauliza, Baba."

Nimeuliza nani? Nimeiuliza cherehani.

Jumatano, 26 Juni

Mwalimu wa lugha anakuja mtaani mara mbili kwa juma. Baba anasoma akiwa nje, amesimama dirishani mbali na wenzake. Tarakimu zimemkolea. Leo kahesabu madirisha ya jengo letu kwa Kiebrania, kisha ngazi, kisha kunguru. Kafika elfu. Kaniambia akifika mbele ya makuhani atawatajia mwenyewe idadi ya siku alizongoja, bila mkalimani.

Jumapili, 7 Julai

Mtaa mzima uko kwenye mfungo leo. Majuma matatu ya kuomboleza Hekalu yameanza. Freha kazima redio yake, naye mzee Makhlouf, kaka yake Freha, kaacha kunyoa. Baba kalitazama sana hilo.

"Yule si kinyozi?"

"Ni kinyozi."

"Mbona kinyozi ana ndevu?"

Nikamwambia wanaelekea mfungo wa mwezi wa tano wa kalenda yao. Akafurahi kupita kiasi. "Na wao wanafunga! Kumbe ni ule ule wetu, wa Wababeli!" Kwetu tulifunga hiyo siku kwa ajili ya moto wa kwanza, lakini hatukulia. Tutalilia nini na Nyumba ilijengwa upya?

Jumapili, 14 Julai

Kauliza. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, kichwa kinagonga. Nikasema, "Huenda usihitaji kwenda, Baba. Huenda watayatuma majivu huku huku."

Neno lilinitoka hivyo hivyo, kama mtu anavyopiga chafya.

"Watayatuma Afula?"

"Huenda."

"Lini?"

"Sijui lini! Niache nilale!"

Nimempigia kelele baba yangu. Akasema, "Lala, mwanangu, lala," kwa upole ambao uliniua.

Jumanne, 16 Julai

Kafua nguo zake zote. Kaanika.

Jumatatu, 22 Julai

Freha kanibana kwenye ngazi. "Jumamosi tutakaa chini tulie, na yeye ana macho. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na ukuta."

"Nitamwambia."

"Ulisema hivyo tangu kabla matikiti maji hayajaiva."

Ijumaa, 26 Julai

Nilishuka nikiwa nimejipanga. Nimekaa mbele ya mawe nusu saa. Akaniuliza kama ninaumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Akaniambia nichemshe kamun, ile bizari nyembamba.

Jumapili, 28 Julai, asubuhi

Niandike ya jana jioni kama yalivyokuwa.

Wanaume wa jengo letu wanasali kwenye handaki la kujikingia mabomu, chini kabisa, mlango wake unatazama uani. Sabato ilipotoka walizima taa, wakawasha mishumaa michache, wakavua viatu vya ngozi, wakakaa sakafuni. Sisi wanawake tulijipanga kwenye vidato vya mlangoni. Baba alikuwa kwenye duara lake, hatua kama ishirini, amevaa zile nguo alizozifua.

Kisha mzee Makhlouf akatoa kisahani cha majivu. Ni desturi yao. Huyatoa jikoni kwake, anachovya kidole gumba, anampaka kila mtu kwenye paji la uso kwa huzuni ya Hekalu. Mimi nimeyaona mwaka jana na mwaka juzi. Jamani, yaliniponyoka vipi? Nilifikiria machozi, nikafikiria kukaa chini, nikawaza nimpe sababu gani. Majivu niliyasahau kabisa.

Nikasikia mawe yakigongana. Baba alikuwa amevuka.

"Tiruwork! Yamekuja!"

Alikuwa anakuja kwa haraka, amekunja mikono ya kanzu hadi kiwikoni, analia na kucheka kwa pamoja. Wanawake wakampisha. Aliniambia alipopita, bila kunigusa, akijibana ukutani nguo yake isinipate hata wakati ule: "Ulisema watayatuma. Nilikuwa najua hunidanganyi."

Ningemshika. Ningepiga ukelele. Nikabaki nimesimama pale mimi mjinga.

Alisimama mlangoni akainamisha kichwa. Akasema kwa Kiebrania chake alichojifunza dirishani: "Siku mia mbili na thelathini na moja." Aliwatajia siku zake zote, tangu alipomfukia Mama. Makhlouf hakuelewa ni siku za nini, lakini aliona mzee mwenye kilemba cheupe anaomba majivu. Akasimama, mzee na mwenzake, akampaka. Baba akafumba macho. Nilimsikia akinong'ona kwa lugha yetu, "Ya kwanza. Bado ya siku ya saba." Kisha akakaa sakafuni kizingitini.

Gebeyehu alikuwa ndani kwa wanaume. Alinitazama, akatikisa kichwa polepole: mwache. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza hivyo hivyo. Kwa nini nisimwache? Siku ya saba nitachota majivu kwa Makhlouf, nitachanganya na maji, atapanda juu, atakula mezani, atamshika mtoto. Nani atadhurika? Kwa muda wa maombolezo mazima niliishi na hiyo raha.

Lakini wana desturi nyingine. Wakimaliza kulia, msomaji anatangaza miaka. Sauti ya Makhlouf ilikuwa imekwaruza: "Ndugu zetu, sikieni. Leo imetimia miaka elfu moja mia tisa na kumi na saba tangu kuharibiwa kwa Nyumba yetu."

Baba akainua kichwa. Tarakimu anazijua. Nyumba anaijua. Neno la katikati hakufundishwa.

Akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, kama yuko darasani: "Tiruwork, wamekosea hesabu. Elfu moja mia tisa na kumi na saba? Ilijengwa zamani kuliko hapo. Waambie."

Handaki lote likanitazama. Hawakuelewa lugha, lakini walielewa kwamba kuna swali.

"Hawahesabu tangu ijengwe, Baba."

"Wanahesabu tangu nini?"

Freha alinishika kiwiko. Nikasema. "Ilichomwa mara ya pili. Baada ya vitabu vyetu. Haijajengwa tena. Hakuna makuhani wanaohudumu, Baba, hakuna zamu, hakuna kitu."

"Na haya?" Akagusa paji lake.

"Ya jiko la kinyozi."

Hakupiga kelele. Alitazama wanaume wale mmoja mmoja, wamekaa chini bila viatu, majivu usoni, kama mtu aliyeingia matangani akidhani ni harusi. Kisha akasimama akajipangusa magoti, akarudi kwenye mawe yake.

Jumapili, 28 Julai, jioni

Saa nne asubuhi nilishuka. Alikuwa amekaa chini, hajajipangusa yale majivu.

"Ulijua."

"Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu juma nililofika."

"Miaka mitatu," akasema. "Na mama yako? Ulimwandikia?"

"Sikumwandikia."

"Ulifanya vizuri." Kisha akaongeza: "Yeye alikuwa anakwenda Hekaluni. Kafa njiani anakwenda. Mimi ndiye niliyefika pasipokuwa na kitu."

Nikalia, nikamwomba msamaha, nikasema yote, mabasi, surua, zamu. Alisikiliza. Lililomuuma kuliko yote ni zamu. "Ile ilikuwa nzuri," alisema.

Adhuhuri mzee Makhlouf akaja amevaa kandambili za plastiki, midomo imemkauka kwa mfungo. Akakaa mavumbini upande wangu wa mawe. Usiku hakulala, alisema, tangu Freha amweleze. Akaniomba nimtafsirie neno kwa neno.

"Mwambie anisamehe majivu yangu. Na mwambie asijitenge. Sisi sote ni kama yeye. Tangu Nyumba ilipoungua hakuna majivu ya mtamba, na kila mmoja wetu amegusa maiti, au amemgusa aliyegusa. Mimi, marabi wakubwa, wote. Kwa hukumu hiyo hakuna aliye safi duniani. Tunaishi hivyo hivyo."

Nilitafsiri. Makhlouf alikusudia kumfariji, macho yake yalikuwa mema.

Baba akauliza, "Wote?"

"Wote."

"Na waliozaliwa huku? Watoto?"

Makhlouf akafungua mikono yake. "Nao. Wanabebwa na sisi."

Baba akaitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa adabu, akageukia kibanda. Sikumwona tena hadi jioni.

Jumatatu, 29 Julai

Sikwenda kazini. Saa moja asubuhi mlango ukagongwa, na nilipofungua Baba alikuwa amesimama pale. Hajawahi kupanda ngazi hizi. Alikuwa anahema, mkono kwenye fremu ya mlango, na ule mkono ndio niliotazama kwanza, kwa kuwa ulikuwa umegusa kitu cha nyumbani kwangu.

"Karibu, Baba."

Aliingia. Akatazama meza, picha ya Mama, makochi. Akakaa kwenye kiti cha Gebeyehu. Nilimpa chai mkononi naye akaipokea mkononi, vidole vyake vikanigusa, na wala hakushtuka. Mimi ndiye niliyeshtuka, chai ikamwagika.

Oshrat alikuwa anatambaa kwenye zulia. Alimwona, akamwendea, akajiinua kwa kushika magoti yake, akamcheka kwa yale meno yake mawili. Kwa miezi mitatu nimemwomba Mungu anionyeshe hili tu. Nilikuwa nimeshapanga nitalia vipi.

Baba akamwinua. Hajui tena kushika mtoto, alimshika kama mtu anayepima uzito wa kitu sokoni. Akamweka pajani, akamshika viganja vyake viwili, akavigeuza, akavitazama ndani na nje kwa muda mrefu.

"Kumbe hata wewe," alimwambia.

Nikamwambia anipe mtoto, ana njaa. Hakuwa na njaa.